Tufe, Mafuta na Kanuni: Mabadiliko ya Mwenendo wa Tufe la Bolingi Nchini Marekani Katika Karne ya Ishirini

Historia ya mchezo wa bolingi nchini Marekani kwa kawaida huelezwa kupitia mabingwa na alama zao. Makala hii inadai kwamba maelezo hayo hayatoshelezi. Alama za mchezaji ni zao la mambo matatu yanayotegemeana: mkono wake, ganda la tufe, na uso wa njia. Kwa hiyo, kulinganisha wachezaji wa vizazi tofauti bila kuzingatia zana zao ni kulinganisha vitu visivyolingana.

Vipimo vya msingi vimebadilika kidogo sana. Kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya mbele ni futi 60, na tufe halipaswi kuzidi ratili 16. Chama cha American Bowling Congress, kilichoundwa mwaka 1895, ndicho kilichosimamia usanifishaji wa kanuni. Kilichobadilika ni msuguano. Tufe likiachiliwa hupita hatua tatu: huteleza juu ya mafuta, hupinda linapokutana na sehemu kavu, kisha huviringika moja kwa moja. Tufe linaloingia baina ya pini ya mbele na jirani yake kwa pembe kubwa kiasi halipotoshwi sana na mgongano, hivyo huangusha pini zote kwa urahisi zaidi.

Matufe ya awali yalichongwa kwa mti wa lignum vitae, ambao mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini. Mwaka 1905 yalitokea matufe ya raba ngumu, na mwaka 1914 kampuni ya Brunswick ikaanza kuuza tufe lake la Mineralite. Raba ilidumu kwa miongo mingi. Wakati huo njia zilikuwa za mbao, na mafuta yalipakwa hasa ili kuzilinda dhidi ya mikwaruzo. Mafuta hayo, yaliyokusudiwa kuhifadhi mbao, ndiyo yaliyokuja kuamua mwelekeo wa tufe.

Watafiti wengine wanaweza kuiona miaka ya 1990 kuwa ndiyo mapinduzi makuu. Makala hii inaona kwamba kigeugeu halisi kilikuwa mwaka 1973. Mwaka huo Don McCune alishinda mataji sita ya wachezaji wa kulipwa, akitumia matufe ya poliesta aliyoyaloweka katika kiyeyushi cha kemikali ili kulainisha ganda. Ganda laini lilishika njia vizuri zaidi. Hakuvunja kanuni, kwa kuwa kanuni ya kuzuia jambo hilo haikuwapo. Baadaye wasimamizi waliweka kiwango cha chini cha ugumu wa ganda. Hata hivyo, kanuni iliweza kuzuia ulowekaji tu. Haikuweza kufuta maarifa yaliyopatikana, yaani kwamba ganda ndilo linalotawala mwenendo wa tufe.

Maarifa hayo yalihamia viwandani. Mwaka 1981 tufe la yurethani liliingia sokoni; ganda lake lilikidhi kiwango cha ugumu na bado likaongeza msuguano. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 rezini tendaji ilifuata, ikiwa na vinyweleo vidogo mno vinavyofyonza mafuta. Kwa hiyo, tufe halikuitikia tu hali ya njia, bali liliibadilisha kila liliporushwa. Mchezaji wa mwisho hakucheza kwenye njia ile ile aliyoikuta mchezaji wa kwanza.

Inahitimishwa kwamba zana hazikuondoa ustadi, bali ziliuhamisha. Mchezaji wa zama za raba alihitaji kuzalisha mpindo kwa mkono wake. Mchezaji wa zama za rezini anahitaji kusoma mafuta asiyoyaona na kuchagua ganda linalofaa. Alama kubwa za zama hizi si ushahidi wa ubora wala wa udhaifu wa kizazi, mpaka tufe lililotumika na njia iliyochezewa vijulikane.