Makmende, CNN na Zakayo

Machi 2010, bendi ya Just a Band ya Nairobi ilitoa video ya wimbo wao "Ha-He". Shujaa wake ni Makmende, jamaa mwenye afro anayewatwanga wahuni kwa mtindo wa sinema za miaka ya 1970. Jina hilo halikuwa geni. Watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakilibandika kwa yeyote aliyejitia ubabe mchezoni. Siku chache baadaye, Wakenya mtandaoni walianza kumtungia sifa: Makmende ndiye pekee anayeweza kuwakatia simu watu wa huduma kwa wateja. Aliyewahi kukaa kwenye laini akisikilizishwa muziki hadi salio la subira likamwishia alicheka bila kuelezwa. Wikipedia ilifuta ukurasa wa Makmende zaidi ya mara moja kabla ya kuukubali, na kila ulipofutwa, sifa ziliongezeka.

Mambo mawili yalikuwa yametangulia. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilifika Mombasa. Kabla ya hapo, ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilikuwa zimeua zaidi ya watu 1,100, na majirani walikuwa bado wanaulizana makabila kimoyomoyo. Makmende hakuwa na kabila. Katika nchi ambayo jina la pili la mtu lilitosha kumtia mashakani, hilo halikuwa jambo dogo.

Ustadi wenyewe ulikuwa wa zamani. Waliokulia mitaani wanaujua mchongoano: vijana wawili wanachongoana juu ya wembamba wa mtu, umaskini wa kwao au udogo wa nyumba yao, watazamaji wakiamua nani mkali. Anayekasirika ameshindwa. Kilichobadilika mtandaoni ni kwamba kundi zima lilisimama upande mmoja, likimchongoa mtu wa nje.

Mtu huyo wa nje alipatikana Machi 2012. Maguruneti yalirushwa kwenye kituo cha mabasi ya Machakos jijini Nairobi, watu wakafa, na CNN ikaitangaza habari hiyo kana kwamba Kenya nzima inawaka. Alama ya reli #SomeoneTellCNN ikajaa kejeli na hasira kwa pamoja. Mwaka uliofuata, waandishi wa kigeni walipomiminika kwa uchaguzi wa Machi 4 wakitarajia damu, Wakenya walianza kuandika kama wao, wakiripoti mambo ya kila siku kwa lugha ya vita. Julai 2015, Barack Obama akijiandaa kutua Nairobi, CNN iliielezea Kenya kuwa kitovu cha ugaidi. Kejeli zikarudi kwa kishindo, na Agosti mkuu wa CNN International, Tony Maddox, alisafiri hadi Nairobi kumwomba radhi Rais Uhuru Kenyatta.

Ushindi huo ulikuwa mtamu, lakini umoja wake ulikuwa na kasoro kubwa: ulihitaji adui wa ng'ambo. Wakati wa uchaguzi huohuo wa 2013, palepale mtandaoni, matusi ya kikabila yalikuwa yakirushwa bila haya.

Novemba 2015 kejeli ziligeukia nyumbani. Rais John Magufuli alipoanza kubana matumizi Tanzania, Wakenya waliuliza Magufuli angefanya nini, wakibandika picha za ubahili wa kuchekesha huku jicho likiwa kwa viongozi wao wenyewe.

Halafu ikaja 2024. Rais William Ruto alikuwa tayari amebandikwa jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko aliyepanda mkuyu. Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi ulipopelekwa bungeni, vijana waliingia barabarani wakimtaka Zakayo ashuke mtini, huku wakitangaza kwamba hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi. Juni 25 waandamanaji walivamia bunge, na risasi za polisi zikaua. Kesho yake Ruto alitangaza kuwa hatautia saini mswada huo.