Nani Aliifilisi Neiman Marcus?

Tarehe 7 Mei 2020, kampuni ya Neiman Marcus ya Dallas, Texas, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Milango ya maduka yake ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na maelezo hayakuchelewa kupatikana: intaneti ilikuwa imeyadhoofisha maduka makubwa ya kifahari kwa miaka mingi, na janga lilikuja kumalizia kazi tu. Simulizi hiyo imerudiwa hata ikapewa jina, "kiama cha rejareja", na wachambuzi wengi huipokea kana kwamba haihitaji ushahidi. Makala haya yanaipinga. Neiman Marcus ilifilisiwa na deni ambalo wamiliki wake waliibebesha, na hesabu za kampuni yenyewe zinatosha kuonyesha hivyo.

Kuhusu asili ya duka hakuna ubishi mkubwa. Herbert Marcus, dada yake Carrie, na Al Neiman, mume wa Carrie, walilifungua Septemba 1907 kwa fedha walizopata baada ya kuuza biashara yao ya kukuza mauzo mjini Atlanta. Linalofaa kutazamwa kwa makini ni mwaka wenyewe. Oktoba hiyohiyo wateja wa mabenki ya New York waliingiwa na hofu, wakakimbilia kutoa akiba zao, na mshtuko ukaenea nchi nzima. Duka changa la nguo za bei ghali, katika mji uliotegemea pamba, lingetarajiwa kufa kabla ya Krismasi. Halikufa. Moto uliliteketeza mwaka 1913, likajengwa upya na kufunguliwa 1914. Likavuka hata mdororo wa miaka ya 1930, wakati mafuta yaliyogunduliwa Texas Mashariki mwaka 1930 yalipokuwa yakizaa matajiri wapya.

Lilidumu kwa sababu ya jicho la mchaguzi. Zama zile wanawake wenye uwezo walizoea kushonewa na fundi. Carrie aliwaletea nguo zilizoshonwa tayari, akizichagua mwenyewe kwa ukali uliojulikana mji mzima. Mpwa wake, Stanley Marcus, aliligeuza jicho hilo kuwa sifa ya kitaifa. Mwaka 1938 duka lilianza kutoa tuzo yake ya mitindo, ambayo Christian Dior aliipokea 1947 na Coco Chanel 1957. Mwaka 1960 katalogi ya Krismasi ilitangaza ndege mbili, ya bwana na ya bibi. Watu waliolifahamu duka hili kwa katalogi hiyo pekee wakadhani ni mahali pa mbwembwe, ilhali nguvu yake ilikuwa kwa muuzaji aliyejua mteja wake anavaa nini harusini.

Familia iliuza kampuni mwaka 1969 kwa Broadway-Hale ya California, iliyoitwa baadaye Carter Hawley Hale. Matawi yakavuka mipaka ya Texas, kuanzia Bal Harbour, Florida, 1971, na hatimaye yakazidi 40.

Hapa ndipo simulizi ya intaneti inapokwama. Mwaka 2005 kampuni mbili za uwekezaji, Texas Pacific Group na Warburg Pincus, ziliinunua Neiman Marcus kwa dola bilioni 5.1. Mwaka 2013 zikaiuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Ares na mfuko wa pensheni wa Kanada kwa dola bilioni 6. Manunuzi ya namna hii hufanywa kwa mkopo, na mkopo huandikwa katika vitabu vya kampuni iliyonunuliwa. Ni sawa na mtu kukopa ili anunue ng'ombe, kisha deni likadaiwa kwa ng'ombe. Kufikia 2018 kampuni iliuza bidhaa za karibu dola bilioni 4.9 kwa mwaka, na zaidi ya asilimia 30 ya mauzo hayo yalipita kwenye intaneti. Duka linalouza hivyo mtandaoni haliwezi kuelezwa kuwa lilipitwa na wakati. Lakini riba peke yake ilimeza karibu dola milioni 300 kila mwaka. Fedha hizo zingetosha kukarabati matawi na kulipa wauzaji wazoefu. Mpango wa kuuza hisa kwa umma, uliotangazwa 2015, uliondolewa 2017.

Kisa cha Mytheresa kinathibitisha zaidi. Neiman Marcus ilinunua duka hilo la mtandaoni la Munich mwaka 2014. Mwaka 2018 wamiliki walilihamishia kwenye kampuni yao mama, mahali ambapo wadai hawakuweza kulifikia, na shauri likafika mahakamani. Januari 2021 Mytheresa iliingia soko la hisa la New York ikiwa na thamani iliyozidi dola bilioni 2. Mali ya intaneti ilikuwepo, tena ilinona. Ila haikuachwa mikononi mwa duka.

Wapo watakaotaja Barneys, duka la kifahari la New York lililofilisika 2019. Mfano huo unaunga mkono hoja hii: kodi ya jengo lake la Madison Avenue ilikuwa imepanda karibu maradufu. Wengine watasema korona ingeliangusha duka lolote. Ni kweli kwamba sherehe zikifutwa, gauni la sherehe halinunuliwi. Lakini Nordstrom, kampuni nyingine ya maduka ya Marekani ambayo familia ya waanzilishi wake iliendelea kuiongoza na ambayo haikubebeshwa deni la ununuzi wa aina ile, ilipita mwaka 2020 bila kufilisika. Pengine mfano mmoja hautoshi kufunga mjadala, lakini wanaoilaumu intaneti hawajaleta wa kuujibu.

Neiman Marcus ilitoka mahakamani Septemba 2020, takriban dola bilioni 4 za deni zikiwa zimefutwa na wadai wakiwa wamiliki wapya. Duka la Hudson Yards, New York, lililofunguliwa Machi 2019, halikufunguliwa tena. Desemba 2024 wamiliki wa Saks Fifth Avenue waliinunua kampuni kwa takriban dola bilioni 2.7, chini ya nusu ya bei ya 2013, wakiuza hatifungani za dola bilioni 2.2 ili kupata fedha. Januari 2026 kampuni iliyozaliwa na muungano huo, Saks Global, nayo ikaomba ulinzi wa mahakama. Safari hii hakukuwa na korona, na maduka yalikuwa wazi.