Dame: kutoa kete moja ili kula tatu

Katika mchezo wa dame, mtu anaweza kuwa na kete nyingi kuliko mwenzake na bado akapoteza kwa mara moja. Sababu ni sheria moja: kula ni lazima. Kwenye sataranji, ukipewa kete ya bure unaweza kuiacha. Kwenye dame hauwezi, hata kama mtego unauona kwa macho.

Dame ya kimataifa inachezwa kwenye ubao wa vyumba 100, kila upande kete 20. Kete inaweza kula kwenda mbele ao kurudi nyuma. Kama kuna njia mbili za kula, unafuata ile yenye kula kete nyingi zaidi.

Tazama mfano huu. Vyumba vyeusi vinahesabiwa 1 mpaka 50, kuanzia upande wa weusi, kushoto kwenda kulia kwa yule anayecheza nyeupe. Nyeupe ziko 28, 33, 38 na 39. Nyeusi ziko 8, 18 na 19. Nyeupe inacheza: 28 inasogea 23, inajitupa mbele ya nyeusi mbili.

Kama ni 18 inayokula, inatua 29. Nyeupe ya 33 inaila na kutua 24, inaruka ya 19 na kutua 13, inaruka ya 8 na kutua 2. Kama ni 19 inayokula, inatua 28. Nyeupe ya 33 inapita 22, 13, halafu 2. Njia zote mbili, nyeusi zinaisha.

Kazi ya 38 na 39 ni gani? Zinafunga mlango nyuma ya 33. Ondoa moja tu, na nyeusi inapata njia ya kuendelea kula. Kwa hiyo pigo zuri linatayarishwa na kete ambazo hazisogei.

Baba Sy wa Senegal, aliyezaliwa mwaka 1935, alijulikana sana kwa mapigo ya namna hii. Mwaka 1963 alipaswa kushindania taji la dunia na Iser Kuperman wa Umoja wa Kisovieti, lakini mchezo huo haukufanyika. Alikufa mwaka 1978. Shirikisho la dunia lilimtambua kuwa bingwa mwaka 1986, yeye akiwa kaburini.

Anayetaka kujaribu, awe Kasongo ao Kabambare, hana lazima ya kununua kitu: kipande cha ubao na vifuniko vya chupa vinatosha, vingine vikitazama juu, vingine chini. Ila mbele ya kuanza, mupatane wazi: kula ni lazima ao hapana? Bila mapatano hayo, pigo zuri linageuka ugomvi.