Fungu la Chombo

Wapo wasemao kwamba sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna utamaduni wa kutunza. Kwamba twajua kununua na kutumia, na kitu kikichakaa twakisukuma chini ya mti na kutafuta kingine. Nimeyasikia maneno hayo katika semina, nimeyasoma katika taarifa za ofisini, na siku moja niliyasikia yakitamkwa na mwalimu mbele ya wanafunzi, nao wakayaandika daftarini kama waandikavyo kila wasomeshwalo. Ushahidi unaotolewa aghalabu ni magari: magari yaliyopigwa mawe chini ya magurudumu, nyasi zimeota milangoni, kuku wametaga juu ya viti.

Yafaa maneno mazito kama hayo yapimwe kwa mizani ya historia kabla ya kusomeshwa. Lakini historia ya matunzo ni bahari pana, nami sitaki kuzama. Nitajifunga katika jambo moja, nalo ni chombo cha safari cha nyumbani. Yaani kile kilichoundwa au kununuliwa kwa mali ya familia moja, kikawachukua watu wa familia hiyo kwenda sokoni, shambani, arusini na hospitali.

Tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu jahazi ni chombo, na gari pia ni chombo. Wala si hilo tu lililohama kutoka baharini kuja nchi kavu. Abiria na nauli ni maneno tuliyoyapata kwa Waarabu, na nauli ilikuwa malipo ya jahazi muda mrefu kabla ya kuwa malipo ya basi. Shehena ya lori ilikuwa kwanza shehena ya jahazi. Usukani ulikuwa ule ubao wa tezini uliopasua maji, ukashikwa na mtu aliyesimama nyuma na kukitazama chombo chote mbele yake. Leo ni lile duara lililo kifuani pa dereva, ambaye nyuma yake haoni ila kwa kioo. Walioyapa magari majina hayo hawakukaa katika kamati. Walikuwa watu waliokijua chombo tangu zamani, wakakiona kipya, wakakiita kwa jina walilokuwa nalo. Swali ni hili: majina yalipohama, je, matunzo nayo yalihama?

Katika karne ya 1, Myunani mmoja asiyejulikana jina aliandika kitabu cha mwongozo wa safari katika Bahari ya Hindi, na humo akautaja mji wa Rhapta katika pwani yetu. Jina hilo, asema, lilitokana na mashua za mahali hapo, kwa kuwa zilikuwa zimeshonwa. Mashua za namna hiyo ziliendelea kuundwa pwani kwa karne nyingi, na aina iliyodumu hadi nusu ya kwanza ya karne ya 20 katika visiwa vya Lamu ni mtepe. Mbao za mtepe ziliungwa kwa kamba za usumba wa nazi, na tanga lake lilikuwa la ukili uliosukwa kama mkeka. Kamba huoza, hulegea, hukatika. Kwa hiyo mtepe ulikuwa chombo kisichoweza kuishi bila matunzo: kila baada ya muda uzi wake ulifumuliwa na kushonwa upya. Na usumba huo ulitoka wapi? Makumbi yalifukiwa katika tope la pwani miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa kwa magongo, nyuzi zikasokotwa. Na kazi hiyo, Unguja na kwingineko, imekuwa kazi ya wanawake. Vitabu vingi vya historia vyamtaja nahodha. Nadra kumtaja yule mama aliyesimama ndani ya tope akifukua makumbi, ilhali bila yeye mtepe ungefumuka kabla ya kufika Mombasa.

Mwaka 2003 mfano wa mtepe ulijengwa, ukawekwa katika Beit al-Ajaib, Unguja. Sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea. Nayaandika haya bila ya kuongeza neno.

Jahazi, mashua na dau la misumari havikudai matunzo pungufu. Maji ya bamvua yalipojaa, chombo kilisogezwa ufukoni, na yalipokupwa kikabaki juu ya mchanga, kimetiwa magadi ubavuni, yaani miti ya kukizuia kisilale. Hapo kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya mbio, maana bahari haingoji mtu. Watoto walikwangua mwani na makombe yaliyoganda. Makuti makavu yakawashwa, moto ukapitishwa chini ya chombo ili kuwaua wadudu watoboao mbao. Fundi akakalafati nyufa, akizishindilia pamba iliyotiwa mafuta. Kisha sehemu ikaayo ndani ya maji ikapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na sehemu ya juu ikapakwa sifa, mafuta ya papa. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita bandari ya Aydhab katika Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliona vyombo vya huko vilivyoshonwa vikipakwa mafuta, naye akayasifu ya papa kuwa ni bora. Hakutaja harufu yake. Mimi niliyekulia karibu na ufuko naikumbuka. Ilikuwa ikikaa mikononi siku tatu, na kanzu ya Ijumaa haikuificha.

Lakini mafuta, pamba na chokaa vilinunuliwa kwa fedha gani? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Katika majahazi ya biashara mabaharia hawakulipwa mshahara wa mwezi. Safari ilipokwisha, gharama zilitolewa kwanza, kisha kilichobaki kikagawanywa, na aghalabu nusu ilikwenda kwa chombo na nusu kwa watu wake. Katika uvuvi vipimo vilitofautiana mahali kwa mahali, lakini kanuni ilikuwa ile ile: wavuvi walikuwa na fungu lao, nyavu zilikuwa na fungu lake, na chombo kilikuwa na fungu lake, kana kwamba nacho ni mtu aliyekwenda baharini akarudi na njaa. Kweli, mwenye chombo alikula katika fungu hilo, na wako waliolila lote. Hata hivyo kila mtu alijua jina lake. Mwenye chombo aliyekiacha kikavuja hakuweza kusema hana fedha, kwa sababu mabaharia walikuwapo siku ya mgawo, wakaliona fungu likitengwa. Zaidi ya hayo, waliomwonya ndio waliokuwa watazama nacho.

Gari la moto lilipofika katika nchi hii lilifika bila fungu. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa mmoja wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa akikusudia kulivuka bara la Afrika, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, tarehe 1 Mei 1909. Ni karibu miezi 21. Kipuri cha motokaa hiyo hakikuweza kuchongwa kwa mti wa msitu wowote iliopita. Kwa miaka mingi baadaye, motokaa ilibaki mali ya serikali, ya kampuni na ya wachache wenye uwezo. Mwafrika aliyeigusa aliigusa kwa kuiosha, kuisukuma au kuiendesha kwa ajili ya mwingine.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha nchi kavu kilichokuwa cha familia nyingi za kawaida si motokaa, ni baiskeli. Mwanafunzi wa leo asicheke. Baiskeli ilipeleka wagonjwa, ilibeba magunia, ilipokea bibi arusi. Ya baba yangu ilikuwa Raleigh nyeusi, na matunzo yake yalikuwa na ratiba kama ya bamvua. Kila Jumamosi jioni iligeuzwa, ikasimama kwa kiti na usukani. Sisi watoto tulipewa vitambaa tufute njiti moja moja. Mnyororo ulipakwa mafuta ya cherehani, kidogo tu, maana mafuta mengi hukamata vumbi na vumbi hula meno ya gurudumu. Mara moja kwa mwaka ekseli zilifunguliwa, gololi zikaoshwa katika mafuta ya taa na kuhesabiwa juu ya sahani nyeupe, zikarudishwa na grisi mpya. Tyubu ikitoboka ilizamishwa katika beseni la maji tuone viputo vyatoka wapi, kisha pakakwaruzwa kwa msasa kabla ya kubandika kiraka. Na msasa huo nao umehama: ni mti ambao majani yake yakwaruzayo yalitumiwa na maseremala kulainisha mbao kabla ya ile karatasi ya dukani kuja na kurithi jina.

Juu ya kabati palikuwa na mkebe wa maziwa ya unga. Kila baba aliporudi na mzigo wa kulipiwa, senti kadhaa ziliingia humo kabla mama hajapewa za kitoweo. Mama hakuligombea hilo, ingawa aligombea mengi. Baba yake alikuwa na mashua.

Sasa tuje katika miaka ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyotuchanganya. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mwaka 1978 hadi 1979 tulikuwa vitani. Fedha za kigeni zikawa haba, vipuri vikaadimika, na hata matembezi ya magari ya watu binafsi Jumapili alasiri yaliwahi kuzuiwa ili kuokoa petroli. Hapo walijitokeza mafundi wa chini ya mwembe, mti ule ule ambao gogo lake huchongwa ngalawa. Peugeot na Land Rover ambazo kwingineko zingekwisha kuyeyushwa zilitembea kwa springi zilizofuliwa upya, kwa gasketi zilizokatwa kwa mkono, kwa mabomba ya rejeta yaliyofungwa mpira wa tyubu. Mtu asemaye hatujui kutengeneza hakuishi hapa katika miaka ile. Mwaka 1984 watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, yako magari yaliyokuwa yamefufuliwa mara nyingi kuliko mwenye nayo awezavyo kuhesabu.

Lakini kutengeneza si kutunza. Kutengeneza huja baada ya kuharibika, na sifa zake ni kubwa kwa kuwa watu husimama kutazama. Kutunza huja kabla, wala hapana atazamaye. Nadhani dhiki ile ilitufundisha kumsifu fundi afufuaye hata tukamsahau mtoto afutaye njiti. Na si kila kuunga ni ustadi: niliwahi kusafiri katika gari ambalo dereva alikiri, tulipokwisha kuteremka mlima, kwamba ndani ya breki alikuwa ametia maji ya sabuni.

Katika ofisi moja niliyoitumikia palikuwa na gari jipya lililokufa kabla halijamaliza miaka mitatu. Nililishika faili lake. Safari zote zilikuwa zimeandikwa, saini zote zimo, lita za petroli zimejumlishwa bila kosa. Fedha za kumwaga mafuta machafu ya injini na kutia mapya ziliombwa mara nne, na mara nne zikajibiwa kwamba fungu halipo. Neno lilikuwa lile lile la babu zangu, fungu. Ila wao walilitenga siku ya mgawo, kabla ya mtu kula, na sisi tulilitafuta baada ya kula. Dereva alijua injini inakufa. Hakuna aliyemuuliza, wala yeye hakuwa na lake la kupoteza humo. Basi magari yaliyo chini ya miti si ushahidi kwamba hatuna utamaduni wa kutunza. Ni ushahidi wa mahali tulipoukata.

Tangu miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yameingia kwa wingi, na familia nyingi zimepata chombo ambacho baba zao hawakukiota. Jumamosi yanaoshwa mpaka yanang'aa. Lakini povu huishia juu. Huko chini, ambako chumvi ya pwani na tope la matagadi hula bati, maji safi hayafiki, na kijiti cha kupimia mafuta ya injini hakichomolewi hadi taa nyekundu iwake. Lile la kuoshea magari mitoni, mafuta yakashuka na maji wanywayo wengine, lataka makala yake.

Nami nilinunua langu mwaka 2004, limekwisha kutembea barabara za watu wengine. Siku lilipofika nyumbani watoto walilizunguka wakiimba. Mke wangu alilitazama, akainama akachungulia chini kama mtu anayekagua chombo kilichotiwa magadi, kisha akauliza, "Na fungu lake liko wapi?" Katika daftari la matumizi ya nyumba yetu, chini ya mstari wa chakula na juu ya mstari wa ada za shule, upo mstari ulioandikwa "chombo". Mwandiko ni wake.