Watoto wa Uholanzi na Njia ya Shule

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Waholanzi wa kila tabaka walipanda baiskeli: karani, fundi, padri na mwanafunzi. Mambo yaligeuka miaka ya 1950 na 1960, mishahara ilipopanda na familia za kawaida zikamudu kununua magari. Miji ilibomoa nyumba ili kupanua barabara, na Utrecht ikafukia sehemu ya mfereji wake wa kale kuyapisha magari. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 3,300, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Waliosalimika nao walipoteza kitu ambacho hakuna takwimu iliyokirekodi: wazazi waliwakataza kucheza mtaani na kwenda peke yao shuleni au kwa rafiki.

Mwaka 1972 mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake katika ajali ya barabarani, aliandika makala kali katika gazeti la De Tijd. Kichwa chake, Stop de Kindermoord, yaani “Komesheni mauaji ya watoto”, kikawa jina la vuguvugu la wazazi. Walifunga mitaa, wakaandamana na watoto wao kwa baiskeli na kuwakabili wanasiasa. Huko Amsterdam, watoto wa mtaa wa De Pijp, uliosongamana nyumba na magari, walidai wenyewe mahali pa kuchezea. Kisha, Novemba 1973, uhaba wa mafuta uliilazimu serikali kupiga marufuku magari siku za Jumapili. Watu wakatembea katikati ya barabara kuu, na dai lililoonekana ndoto likawa limejaribiwa mbele ya macho ya wote.

Mji wa Delft ulikuwa umeshaanza kujenga mitaa ya aina ya woonerf, ambamo gari hutambaa na mtoto anayecheza ana haki ya barabara; sheria iliitambua mitaa hiyo mwaka 1976. Njia za baiskeli za majaribio zilijengwa The Hague na Tilburg, na miji mingine ikafuata, mara nyingi baada ya mabishano makali na wenye maduka. Miundombinu hiyo iliambatana na mafunzo. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi hufanya mtihani wa usalama barabarani, wa maandishi na wa kuendesha baiskeli mitaani. Waingiapo sekondari, wakiwa na miaka kama 12, wengi huenda shuleni wenyewe kwa makundi, mvua inyeshe isinyeshe, na wa vijijini huweza kupita kilomita kumi kwa safari moja.

Uingereza ilishika njia nyingine. Utafiti wa Mayer Hillman na wenzake ulionyesha kuwa mwaka 1971 watoto wanane kati ya kumi wenye miaka saba na minane walikwenda shuleni bila mtu mzima. Mwaka 1990 hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Vifo vya watoto barabarani vilipungua huko, ila kwa sehemu kubwa ni kwa sababu watoto waliondolewa barabarani. Usalama wa namna hiyo ni wa bei ghali.

Wazazi wa 1972 walipigania uhai, wala hawakuwa wakizungumzia sonona au wasiwasi. Hata hivyo, safari waliyoiokoa ina mengi yanayohusishwa na utulivu wa akili ya kijana: mwili kufanya kazi kila siku bila kupangiwa zoezi, mwanga wa asubuhi unaosaidia kuratibu usingizi, porojo na wenzake nje ya macho ya wakubwa, na mazoea ya kujiamulia. Shirika la Afya Duniani hupendekeza wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17, na safari ya shule hujaza sehemu yake.

UNICEF iliiweka Uholanzi nafasi ya kwanza katika ulinganisho wa ustawi wa watoto wa nchi tajiri mwaka 2007, na tena 2020. Kuipa baiskeli sifa yote hiyo ni kutia chumvi, kwa kuwa nchi hiyo pia ina kipato kizuri na wazazi wengi wanaofanya kazi kwa saa chache. Tena huko huko Uholanzi, uchunguzi wa mwaka 2021, wakati wa janga la korona, ulikuta matatizo ya kihisia ya vijana yameongezeka sana, hasa miongoni mwa wasichana. Wengi wa wasichana hao walikuwa bado wakienda shuleni kwa baiskeli.