Msasa hauongezi kitu

Anayeunda gitaa la umeme nyumbani hutegemea sana ruta, mashine ya mkono yenye kisu kinachozunguka kwa kasi. Ruta hufuata kiolezo, ikachimba mashimo ya sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, kisha ikaviringisha kingo za ubao wenye unene wa milimita 44 hivi. Lakini huacha alama za kisu, na ikienda kinyume na nyuzinyuzi za mbao hunyofoa vipande. Hapo msasa unaingia.

Jina hilo ni la mti kwanza. Majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi za dukani zimerithi jina. Fundi huanza na namba 80, akapanda 120, 180, hadi 220 kabla ya vanishi, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia. Akiruka moja, rangi itamfichua. Si kila mtu hutegemea ruta: mpiga gitaa Brian May na baba yake, walioanza kuunda gitaa lake Uingereza mwaka 1963, shingo waliichonga kwa mkono kutoka ubao mkuukuu wa meko. Gitaa hilo ndilo lililosindikiza sauti ya mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Msasa umeingia hata kwenye usemi: magazeti yetu huandika kwamba madiwani “wamepigwa msasa” hata walipofundishwa sheria mpya kabisa. Naupenda usemi huu, ila hapo haukai sawa. Msasa hupunguza tu. Madiwani hao wamefundishwa. Wa kupigwa msasa ni yule anayeijua kazi tayari, akabakiwa na mikwaruzo ya kuondolewa.