Bakteria wa Kifua Kikuu na Panyabuku wa Morogoro
Bakteria wa kifua kikuu alitambuliwa na Robert Koch mwaka 1882. Kama bakteria wengine, ni seli moja isiyo na kiini. Upekee wake uko kwenye ukuta, uliosheheni mafuta mazito mfano wa nta. Ukuta huo huzuia dawa nyingi kupenya, na humkinga hata ndani ya chembe nyeupe za damu zilizommeza ili zimuue. Huzaliana polepole mno: hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20, ilhali baadhi ya bakteria wa utumbo huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Akizingirwa na kinga ya mwili, hupunguza shughuli zake na kulala mapafuni kwa miaka mingi.

Nta hiyo hiyo humfichua chini ya darubini: ikishanyonya rangi nyekundu, asidi haiiondoi. Lakini makohozi yakiwa na bakteria wachache, darubini huwakosa, na mgonjwa hurudi nyumbani akiendelea kuambukiza. Hilo ni pengo la hatari.

Hapo ndipo Morogoro, mji ulio chini ya Milima ya Uluguru, ulipotoa mchango wa pekee. Mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoasisiwa na Mbelgiji Bart Weetjens, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, likiwafunza panyabuku kunusa mabomu ya ardhini. Baadaye walifunzwa kunusa makohozi ambayo vimelea vyake vimeuawa kwa joto. Panya mmoja hukagua sampuli 100 kwa takriban dakika 20. Zile anazozitilia shaka hupimwa tena maabara, na wagonjwa waliokuwa wamekoswa kliniki huanzishiwa dawa.